Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Mama na Biashara ya Madini



Kwanza kabisa tumshukuru Mungu kwa kutufikisha hapa. Miaka kumi si mchezo. Hesabu za kikundi Katibu ameshawasomea, mie sizirudii, maana yeye kasoma kuliko mimi na pakiwa na kosa mtamuuliza yeye. Elimu yangu ni darasa la saba, niliipatia Korogwe, baba yangu akiwa mkata mkonge. Kamati imeniomba niseme juu ya mama na biashara ya madini, kwa kuwa wengi wetu hapa, ukiondoa walimu na wale wenzetu wa sokoni Manundu, sufuria zinapanda jikoni kwa sababu ya dhahabu ya Magambazi au vito vya kule Kalalani. Nitasema niliyoyaona.

Watu wakisikia mama yuko kwenye madini wanadhani anashuka shimoni na sururu. Wapo walioshuka. Pili Hussein alikwenda Mirerani akikimbia ndoa ya mateso, akakuta wanawake hawaruhusiwi kuingia migodini. Akavaa kama mwanamume, akaitwa Mjomba Hussein, akachimba tanzanaiti na wanaume karibu miaka kumi bila kujulikana. Alipopata mawe makubwa aliwajengea wazazi wake nyumba, akanunua vifaa, akaajiri wachimbaji, na baadaye akawa na mashamba na ng'ombe. Mie nampenda mama yule kwa ushujaa, lakini kinachonigusa zaidi ni vile vifaa, yale mashamba na wale ng'ombe. Fedha ya jiwe hakuiacha ikae kwenye jiwe.

Mimi sikushuka shimoni. Nilianza na chai na maandazi, kisha ubwabwa na maharage. Vijana wa kwenye maduara walikuwa wakila kwa mkopo, wanasema, "Mama, duara likitema tunakulipa." Nikawa na daftari. Mwezi wa kwanza daftari likajaa, wa pili nikanunua lingine. Duara halikutema, vijana wakahamia machimbo mengine usiku, na mimi nikabaki na majina ya utani tupu: Mzungu, Bonge, Kaka Mkubwa. Sasa Kaka Mkubwa utamtafuta wapi?

Mama mmoja mtu mzima wa Kizigua ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, mwanangu, kama hana fedha akupe mawe. Basi nikaanza kupokea mfuko wa mawe badala ya fedha. Mfuko ukijaa napeleka karashani kusaga, naosha, ninachopata ni changu. Mara nyingi ilikuwa pointi mbili au tatu, siku nyingine patupu. Lakini nikajifunza mawe. Nikajua jiwe la kutazamisha na jiwe la kazi. Nikajua pia kwamba mwenye karasha analipwa, dhahabu iwemo isiwemo. Hapo nikasema, kumbe! Anayechimba anabahatisha, na anayesaga, anayepika, anayeleta maji, wote hao wanajua jioni watalala na shilingi ngapi.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Sasa naomba mnivumilie, maana ninalotaka kusema halimo kwenye taarifa ya Katibu.

Mwaka 2018 kikundi kilikuwa na miaka mitatu na sanduku lilikuwa limeanza kuwa zito. Akaja mwenye duara mmoja, simtaji, akasema amefika kwenye mwamba mzuri, anatafuta watu wa kuchangia mafuta ya pampu na chakula cha wachimbaji, mgawo utakuwa kwa mafungu. Wanachama watano wakaomba mkopo, kila mmoja shilingi 700,000, jumla milioni tatu na nusu. Mweka Hazina alikataa. Mimi ndiye niliyesimama nikasema mwamba nimeuona kwa macho yangu, na mawe nayajua. Nikatia sahihi. Masika ile duara likajaa maji, ukuta wa upande ukaanguka. Mungu saidia, wachimbaji walikuwa wametoka kula. Hakufa mtu. Fedha ikafa yote.

Katiba yetu inasema mkopo usiporudi, hisa za mkopaji zinakatwa. Zikakatwa. Mwenzetu mmoja hisa zake zilikuwa ada ya binti aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Siku ile mkutanoni hakulia wala hakutukana. Aliniuliza tu, "Mwenyekiti, lile daftari lako la ubwabwa lilikufundisha nini?" Akachukua khanga yake akaenda. Nami sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo ndipo tukaweka ile kanuni ambayo wengine mnailalamikia, kwamba fedha ya sanduku haiingii kwenye duara. Anayetaka duara aingize faida yake mwenyewe, mtaji ubaki kwenye kazi nyingine. Nasikia mnasema kamati ni waoga. Sawa, ni waoga, na mwoga wa kwanza ni mimi.

Lakini tazameni kilichotokea baada ya hapo. Mwenzetu mmoja alianza na madumu ya maji akiyabeba kwa baiskeli, sasa ana pikipiki mbili. Mwingine anauza viroba, kamba, tochi na mabuti, na msimu wa mvua machimbo yakilala anahamishia meza yake mnadani akauza mitumba. Yupo anayechaji simu kwa umeme wa jua na hapo hapo anasuka nywele, maana mteja akisubiri simu hana pa kwenda. Wa Kalalani yeye ameingia kwenye ganeti na safaya, lakini kwanza alikata leseni ya udalali, kwa sababu kuuza vito bila leseni ni kujitafutia mahabusu. Binti wa mwenzetu mwingine amekwenda Arusha, kwenye Kituo cha Jemolojia, kujifunza kukata na kung'arisha. Jiwe letu huwa linaondoka hapa likiwa ghafi kama muhogo wenye udongo, na thamani inaongezwa na mikono ya wengine. Acha mikono ya binti yetu nayo iwemo.

Niseme kidogo mambo ya sheria, nayo si magumu kama tunavyoyaogopa. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania peke yake, mgeni hapewi, na mwanamke anapewa sawasawa na mwanamume. Inadumu miaka saba na inahuishwa. Chama cha wachimbaji wanawake, TAWOMA, kimekuwapo tangu 1997, kwa hiyo hatuanzi sisi. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, Geita wakitangulia. Zamani mnunuzi alikuja na mzani wake mfukoni, akisema gramu ni ngapi ndiyo hizo hizo. Sokoni mzani uko wazi na bei inajulikana asubuhi. Tena zipo kanuni za mwaka 2018 zinazoyataka makampuni ya madini yatangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Lakini kampuni hailipi kwa daftari langu lile. Inataka namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara na risiti. Kikundi kikiwa na hivyo, hata mboga za Lushoto tunaweza kuziuza kambini kwa mkataba.

Na jambo moja nalisema kwa ukali, mniwie radhi wageni. Zebaki isichomwe jikoni. Wapo wanaochoma juu ya jiko lile lile la uji wa mtoto, wakisema ni kidogo tu. Mvuke wake huuoni, lakini unaingia mapafuni, unaharibu mishipa ya fahamu, na mjamzito anampitishia aliye tumboni. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili matumizi yake yapunguzwe. Kipo chombo cha kunasa mvuke, kinaitwa retoti, hata mafundi wa kuchomelea wanaweza kukitengeneza kwa bomba la chuma. Kamati imeamua mwanachama wa kuchenjua asiye nacho hapewi mkopo. Hapo msinibembeleze.

Jumapili ijayo tuna mkutano wa wanachama. Ajenda ni moja: kuomba leseni ndogo kwa jina la kikundi au kununua karasha yetu. Wanaotaka leseni ni wengi, nimewasikia. Mimi nitapiga kura ya karasha, na kura yangu ni moja kama ya kila mtu. Njooni na hesabu, msije na ndoto za mwamba mzuri. Ndoto hizo ninazo mimi za kutosha.

La mwisho. Wale watano waliokatwa hisa mwaka 2018, nimekuwa nikiwarudishia kidogo kidogo kutoka kwenye mgawo wangu wa kila mwisho wa mwaka. Wanne wamekwisha. Wa tano anaishi Mombo sasa, nimemfuata mara mbili na hakufungua bahasha. Leo nimemwona, amekaa pale nyuma karibu na masufuria, na binti yake yuko naye. Bahasha iko kwa Mweka Hazina, shilingi 380,000, hazijapungua. Daftari lake la hisa pia tunalo, halijafutwa jina.

Wapishi wanasema pilau iko tayari, tuanze na wageni na watoto.