Kitenzi cha Kiingereza "belittle"

Kitenzi "belittle" maana yake ni kubeza au kudunisha, yaani kumfanya mtu au kazi yake ionekane si kitu. Kimetokana na "little", lenye maana ya -dogo, na kiambishi "be-". Mkazo huangukia silabi ya pili: bi-LI-tol.

Asili yake inavutia. Miongoni mwa waliokitumia mwanzoni kabisa ni Thomas Jefferson wa Marekani, katika kitabu chake kuhusu Virginia cha miaka ya 1780. Alikitumia akipinga hoja ya mwanasayansi Mfaransa, Buffon, aliyedai kuwa wanyama wa Amerika ni wadogo kuliko wa Ulaya. Jefferson alimjibu kwa orodha ya uzito wa wanyama, na mwaka 1787 akamfikishia mifupa na ngozi ya kulungu mkubwa wa kaskazini. Wahakiki wa Uingereza walilikejeli neno lenyewe, lakini likadumu.

Kinachobezwa hufuata kitenzi moja kwa moja, bila kihusishi: "He belittled her work", yaani alibeza kazi yake.

Wanafunzi wengi hukichanganya na "downplay", na tofauti hiyo ndiyo ya kushika. "Downplay" ni kupunguza uzito wa jambo, si wa mtu, na si lazima iwe na dharau. Mgonjwa aliyekohoa wiki tatu akisema ni mafua tu, "he downplays his cough". Jirani akimcheka kwa kwenda zahanati, "he belittles him".