Pikipiki Iliyokataa Kuwaka Baada ya Kutengenezwa Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Nimeombwa nizungumze juu ya pikipiki, nami nimekubali kwa haya kidogo, kwa kuwa mimi si fundi. Mimi ni karani kama ninyi, na kazi yangu ni majalada. Walakini wengi wetu tulio katika vituo vya mbali twaenda kazini kwa pikipiki, na wengi twazitengeneza wenyewe siku ya Jumamosi ili kupunguza gharama. Jambo hilo ni jema, wala sikuja kulikataza. Nimekuja kusema habari ya chombo kilichokuwa kizima asubuhi, kisha jioni hakiwaki, na hakuna aliyekigusa ila mwenyewe.

Mimi nakaa katika milima ya Usambara, kilomita 9 kutoka hospitali. Jumamosi moja ya mwezi wa 7 naliitoa pikipiki yangu uani nikaifanyia kazi tangu saa 3 asubuhi hata jua likatua. Nalibadili oili, nikasafisha kabureta, nikaosha kichujio cha hewa, nikatia plagi mpya. Mwisho, kwa kuwa injini ilikuwa ikigonga tak, tak, tak, nikafungua kifuniko cha juu nikakaza tapeti kwa spana na bisibisi mpaka nikaona hakuna kitu kinachocheza. Nalidhani kwamba injini isiyo na sauti ndiyo injini yenye afya. Kiza kikaingia, nikakusanya vyombo, nikaenda kuoga bila kuiwasha.

Usiku ule saa 7 mwanangu wa pili, mwenye miaka 4, akashikwa na homa kali hata akaanza kuweweseka. Naliitoa pikipiki, nikavuta choki kwa sababu ya baridi, nikapiga kiki. Haikuwaka. Tena, na tena. Jambo moja naliliona, nalo ndilo linalonitia aibu hata leo: mguu wangu ulishuka kwa wepesi kama unaokanyaga pamba, nami nikafurahi, nikidhani kwamba matengenezo yangu yamelainisha injini.

Nikatoa plagi, nikaikuta imelowa petroli. Basi nikakata shauri kwamba kosa ni la kabureta, nikaanza kuimwaga petroli yake chini, na umeme ulikuwa umekatika, na kando yangu palikuwa na mshumaa unaowaka. Mke wangu aliuzima kwa kiganja cha mkono. Akaniambia, "Baba, mmoja anaungua kwa homa, wataka na sisi tuungue kwa moto?" Sikuwa na jibu.

Aliyetupeleka hospitali ni kijana jirani yetu, mwendesha bodaboda, ambaye nalizoea kumpita asubuhi kwa salamu fupi, kama tunavyofanya sisi watu wa kalamu. Mtoto alipimwa, akaonekana ana malaria, akapata dawa, akapona. Asubuhi kijana yule akaja uani. Hakushika spana. Akasema, "Shikamoo mzee. Jana uligusa nini?"

Nikamjibu kwamba naligusa karibu kila kitu. Akacheka kwa adabu, akaketi juu ya ndoo, akataka nimtajie kila kitu kwa utaratibu, cha mwisho kikiwa cha kwanza.

Ndugu zangu, swali lile lapita vitabu vingi. Pikipiki iliyoharibika njiani yaweza kuwa na ugonjwa wowote; bali iliyokataa kuwaka baada ya kutengenezwa, aghalabu ugonjwa wake u mahali mkono ulipopita. Sisi makarani twalijua hili. Jalada likipotea, hatuanzi kupekua kabati zote za ofisi. Twauliza nani alikuwa nalo mwisho.

Injini hizi hutaka mambo matatu: cheche, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, na mgandamizo wa mchanganyiko huo ndani ya silinda. Ndivyo ilivyokuwa tangu Nikolaus Otto wa Ujerumani alipotengeneza injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 1885, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walipotia injini katika chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Kimoja kikikosekana, hata ukipiga kiki mpaka asubuhi, hutapata kitu ila jasho.

Kabla ya hayo matatu yako madogo ambayo hayataki spana. Ile swichi nyekundu ya kuzimia injini huguswa na kitambaa wakati wa kufuta, ikakaa mahali pa kuzima. Koki ya mafuta hufungwa ili kutoa kabureta, kisha ikasahauliwa. Pikipiki nyingine haziwaki ikiwa stendi ya pembeni iko chini na gia imeingia. Betri ikitolewa, waya wake hurudishwa bila kukazwa. Mwenzetu mmoja (naona anatazama chini, sitamtaja) alitafuta kosa siku mbili, akakuta tambara lake mwenyewe ndani ya njia ya hewa.

Cheche hutazamwa kwa plagi iliyotolewa, ikarudishwa katika kofia yake na kugusishwa barabara na chuma cha injini, huku kiki ikipigwa. Iwe mbali na tundu ilimotoka, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu. Wala usipige kiki na kofia ya plagi ikining'inia bure, maana umeme ukikosa njia waweza kuharibu kifaa kinachouleta.

Plagi ikitoka kavu baada ya kiki nyingi, petroli haifiki. Ikitoka imelowa, petroli inafika lakini haiungui. Hapo ndipo nalipokosea mimi, kwa kudhani kwamba kulowa ni kosa la kabureta peke yake. Ikiwa petroli imezidi tu, yatosha kuikausha plagi na kuirudisha, kufunga koki, kuacha choki, kuzungusha mshiko wa mafuta mpaka mwisho na kupiga kiki mara kadhaa ili hewa ipite.

Yule kijana hakufanya hata moja la hayo. Kwa kuwa nalimtajia tapeti kuwa ya mwisho, alitoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniambia nipige kiki. Injini nzima hukisukuma kidole kwa nguvu mpaka hewa ikatoka kwa mlio. Yangu ilipumua kama mgonjwa. Akasema, "Mzee, valvu hazifungi."

Sababu yake ni hii. Kati ya tapeti na mkia wa valvu lazima pawe na nafasi ndogo sana. Katika pikipiki yangu kitabu chataja milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo ndiyo inayoiacha valvu ikae sawasawa katika kiti chake. Mimi naliiondoa yote ili kunyamazisha mlio, basi valvu zikabaki wazi kidogo na mgandamizo ukatoroka. Tena haipimwi kwa jicho. Hupimwa kwa vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Kibamba kipite kwa kukwaruza kidogo.

Jambo jingine huwapoteza wengi. Gurudumu la sumaku lina alama ya T, ambayo hulinganishwa na alama ya mwili wa injini ili pistoni iwe juu kabisa. Lakini katika injini ya mapigo manne pistoni hufika juu mara mbili, na T huonekana mara zote mbili, hali mara moja tu ndiyo valvu zote zimefungwa. Tikisa tapeti kabla ya kupima. Moja ikiwa imebanwa, zungusha gurudumu duru moja kamili mpaka T irudi tena. Kwangu zote zilikuwa zimebanwa, kwa ujinga wangu, kwa hiyo kijana alizilegeza kwanza, akatazama valvu zikipanda na kushuka, ndipo akapima. Pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili, na ule mlio mdogo wa tak, tak ukarudi. Sasa naupenda.

Tangu siku ile nina daftari. Naandika kila nilichofungua kwa saa yake, na kila nimalizapo kitu kimoja naiwasha injini kabla ya kugusa cha pili. Wala siianzi kazi baada ya saa 9 alasiri.

Bwana Mwenyekiti, vile vibamba vya kupimia nimevinunua, navyo vimo katika sanduku la Bwana Katibu. Mwanachama avitakaye na aandike jina lake na tarehe, kisha avirudishe vikiwa vimefutwa oili.