Uchovu unaobaki baada ya kushuka kwenye baiskeli

Chukua mfano wa mtu anayeishi Maskati. Jua halijachomoza, naye amekwisha kutoa baiskeli yake nje, amejaza maji chupa moja, amekunywa chai ya rangi kwa tende mbili, na ameelekea barabara ya milimani pamoja na wenzake watano. Saa tatu baadaye amerejea nyumbani. Hakuanguka, hakugongwa na gari, wala hakuumia popote. Lakini anapoegemeza baiskeli ukutani magoti yanamlegea, kichwa kinamzunguka, na chakula alichoandaliwa na mkewe hakitamani hata kwa harufu. Adhuhuri analala. Jioni anaamka angali amechoka, na kesho yake hali ni ile ile. Wenzake wanasema hana mazoezi ya kutosha. Mama yake, kwa simu kutoka Unguja, anasema ni jicho la watu.

Huenda wenzake wamesema kweli. Lakini uchovu wa namna hii una milango mingi, na baadhi ya milango hiyo haihusiani kabisa na mazoezi.

Mlango wa kwanza, na ndio unaopitiwa na wengi, ni njaa. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na katika ini, na akiba yote hiyo kwa mtu mzima wa kawaida ni kiasi cha gramu 400 hadi 600 tu. Anayekanyaga pedali kwa nguvu huweza kuimaliza katika muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili. Mafuta ya mwilini yapo tele, hata kwa mtu mwembamba, lakini huungua polepole na hayawezi kuendesha misuli kwa kasi ile. Akiba ya ini inapokwisha, sukari katika damu hushuka, na ubongo, ambao hutegemea sukari hiyo, huanza kulalamika: mikono hutetemeka, jasho baridi hutoka, hasira huja bila sababu, na macho huona ukungu. Wafaransa, ambao wameishi na mchezo huu kwa zaidi ya karne moja, wana neno lao kwa hali hiyo. Huiita fringale, yaani njaa ya ghafla.

Wala si hali ya wanafunzi peke yao. Tarehe 18 Julai mwaka 2013, katika mlima wa Alpe d'Huez nchini Ufaransa, Chris Froome alikuwa amevaa fulana ya manjano ya kiongozi wa mashindano ya Tour de France. Zikiwa zimebaki kilomita chache kufika kileleni, aliinua mkono kuomba msaada. Mwenzake, Richie Porte wa Australia, alirudi nyuma kwenye gari la timu na kumletea vifurushi vya sukari, mahali ambapo kanuni hazikuruhusu tena kupokea chakula. Wote wawili waliadhibiwa kwa kuongezewa sekunde 20. Froome aliikubali hasara hiyo, kwa kuwa hasara ya kuishiwa nguvu kabisa ingekuwa kubwa zaidi, na siku chache baadaye alitwaa ubingwa mjini Paris.

Kwa mtu wa kawaida tiba yake haina siri. Katika mwendo unaozidi saa moja na nusu, wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, tangu mwanzo na si baada ya njaa kuingia. Ndizi moja kubwa ina gramu 25 hadi 30 hivi. Tende nne au tano kubwa hukaribia gramu 70, na watu wa Ghuba hawana haja ya kununua vifurushi vya bei ghali wakati tende zimejaa jikoni. Yule bwana wa Maskati alikula mbili tu, kwa safari ya saa tatu.

Alibeba pia chupa moja ya maji. Mwili wa binadamu si mashine yenye ufanisi mkubwa: katika nishati yote inayotumika kukanyaga pedali, takriban robo tu ndiyo huisukuma baiskeli, na robo tatu zilizobaki hugeuka kuwa joto. Joto hilo hutolewa kwa jasho, ambalo kwenye hali ya hewa ya moto linaweza kuzidi lita moja kwa saa. Mpanda baiskeli hudanganyika kuliko mkimbiaji, maana upepo humkausha jasho kabla hajaliona. Hutambua kwamba amelowa pale tu anaposimama.

Hata hivyo, ushauri wa kunywa maji kadiri iwezekanavyo, uliovuma sana katika miaka ya 1990, ulikuwa na madhara yake. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 walikuta kwamba asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu katika damu, na dalili mojawapo kubwa ya walio hatarini ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, yaani walikunywa zaidi ya walichotoka jasho. Hali hiyo huleta kichefuchefu, kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa, dalili zile zile za mtu aliyekauka, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwenye nia njema huja na chupa nyingine ya maji. Njia rahisi ya kujua ni mizani. Mtu ajipime kabla ya kuondoka na baada ya kurudi. Akipungua kilo moja, amepoteza takriban lita moja. Akiongezeka, amekunywa kupita kiasi.

Joto lenyewe ni jambo zito zaidi ya kiu. Mwaka 1967, tarehe 13 Julai, Mwingereza Tom Simpson, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, alianguka kwenye mteremko mkavu wa mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa, karibu na kilele. Alikuwa na umri wa miaka 29. Siku zilizotangulia alikuwa ameugua tumbo. Siku hiyo jua lilikuwa kali, maji ya waendeshaji yalikuwa ya kupimwa, na uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alikuwa ametumia amfetamini na pombe. Hakuna kimojawapo kati ya vitu hivyo kinachotosha peke yake kuelezea kifo chake. Amfetamini ilimnyang'anya ile sauti ya ndani inayomwambia mtu asimame, na mwili uliokwisha kukauka ukaendelea kupanda mlima. Kisa chake kiliharakisha upimaji wa dawa katika mchezo huo, lakini kwa mpanda baiskeli wa mwisho wa wiki kina fundisho jingine linalosahaulika: anayetoka kuharisha jana hana haki ya kupanda mlima leo.

Wakazi wa Oman wenyewe watakumbuka Februari mwaka 2015, pale hatua ya tano ya mashindano ya Tour of Oman ilipofutwa kwa sababu ya joto na upepo wa mchanga. Matairi yalikuwa yakipasuka kwenye miteremko, na waendeshaji wa kulipwa, watu wanaoishi kwa kazi hiyo, walikataa kuendelea. Kama wao walisimama, hakuna aibu kwa karani au dereva kugeuza baiskeli na kurudi nyumbani.

Kuna mpaka mmoja ambao kila kikundi cha wapanda baiskeli kinapaswa kuujua. Mtu aliyechoka kwa joto ana kiu, kichwa kinamuuma, lakini anajibu maswali sawasawa. Anapoanza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kutojua yuko wapi, hicho si uchovu tena. Ni kiharusi cha joto, na joto la ndani ya mwili huwa limepita nyuzi 40. Hapo gari la wagonjwa liitwe, lakini asisubiriwe daktari ili kupozwa: avuliwe nguo, amwagiwe maji baridi mwili mzima, apepewe, awekwe barafu ikipatikana. Kila dakika ina thamani yake.

Kizunguzungu cha kushuka tu kwenye baiskeli, kwa upande mwingine, mara nyingi hakitishi. Misuli ya miguu inapofanya kazi husukuma damu kurudi moyoni. Ikisimama ghafla, damu hubaki chini na shinikizo hushuka. Dakika kumi za kukanyaga polepole kabla ya kushuka hutosha kwa wengi. Kichefuchefu nacho hutokana na tumbo kunyimwa damu wakati misuli ikijipatia sehemu kubwa, na ndiyo maana pilau inayoliwa mara tu baada ya mlima hurudi ilikotoka.

Yote hayo huisha kwa siku moja au mbili. Lakini uchovu usiokwisha je?

Misuli inaweza kuwa imeumia kuliko inavyoonekana. Mtu aliyejilazimisha kupita uwezo wake, hasa baada ya kukaa miezi bila mazoezi, akiona misuli imevimba na mkojo umekuwa na rangi ya chai nzito, aende hospitali siku hiyo hiyo. Chembe za misuli iliyovunjika huingia kwenye damu na zinaweza kuziba figo. Wenye kubeba chembe moja ya urithi ya selimundu, nao ni wengi katika ukanda wa Ziwa Victoria na pwani, wanaweza kuishi maisha yote bila kujua, lakini kwao hatari hiyo ni kubwa zaidi wanapojitutumua kwenye joto au mwinuko mkubwa. Si sababu ya kuacha baiskeli. Ni sababu ya kuongeza mwendo taratibu.

Kwa wanawake, jambo la kwanza la kupima ni damu na akiba ya madini ya chuma, kwani upungufu wake humfanya mtu ahisi kwamba milima imeongezwa urefu. Wengi huambiwa wapumzike, wakapumzika mwezi mzima, na damu yao ikabaki pungufu vile vile.

Hapa ndipo kisa cha Froome kinaporudi, na kinawahusu wasikilizaji wa Kiswahili kuliko wengine wote. Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na akiwa kijana alifuata mazoezi ya Mkenya David Kinjah katika kijiji cha Mai-a-Ihii, upande wa Kikuyu. Alipoingia katika timu kubwa za Ulaya aliwashangaza makocha kwa kutotabirika. Leo angewashinda mabingwa, kesho angeachwa nyuma na watu wa kawaida, na mafua yalimrudia mara kwa mara. Mwishoni mwa mwaka 2010 vipimo vilionyesha kwamba alikuwa na kichocho. Minyoo ya ugonjwa huo huingia kupitia ngozi ya mtu anayeoga au kuvuka maji baridi yenye konokono wa aina fulani, iwe ziwa, mto au mfereji wa umwagiliaji, na inaweza kukaa mwilini kwa miaka ikinyonya nguvu pole pole. Dawa yake, prazikwanteli, huwaua minyoo wakubwa lakini haiwamalizi wachanga, na Froome alilazimika kuirudia katika miaka iliyofuata. Mwaka 2011 alimaliza wa pili katika mashindano ya Hispania, ushindi ambao mwaka 2019 alikabidhiwa baada ya aliyekuwa wa kwanza kuvuliwa taji. Kisha akatwaa Tour de France mara nne.

Mtoto wa Mwanza au Kisumu hahitaji kuelezwa kichocho ni nini. Lakini mtoto huyo akiwa mtu mzima anayeishi Birmingham au Minneapolis, daktari wake huenda akasikia neno uchovu, akafikiria kazi nyingi na usingizi mdogo, na kumpa likizo ya wiki mbili. Malaria nayo hujificha hivyo hivyo. Aliyekwenda likizo Tanga na kurudi anaweza kuugua baada ya wiki kadhaa, na kinga aliyokuwa nayo utotoni hupungua kwa miaka ya kukaa ughaibuni. Homa inayokuja baada ya safari ya baiskeli si lazima iwe imeletwa na baiskeli.

Kuna pia uchovu wa wale ambao hawaendi mchezoni. Wabeba mkaa wanaosukuma magunia kwa baiskeli kuingia miji ya Tanzania, na wale waliobeba abiria mpakani Busia kabla pikipiki hazijachukua kazi yao, wanajua njaa ya ghafla na joto kuliko mwanamichezo yeyote. Hawana wa kuwaambia wapumzike, na hakuna aliyewapimia gramu za wanga.

Mwenye maumivu ya kifua, mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo au aliyezimia akiwa bado anakanyaga, asisubiri kesho. Mwingine yeyote ambaye amekula, amelala na kupumzika wiki mbili bila nafuu, aende kwa daktari, na asingoje kuulizwa. Aseme mwenyewe alisafiri wapi, lini, na kama aliingia katika maji ya ziwa, hata kama ilikuwa miaka mitano iliyopita na kwa dakika chache za kuosha baiskeli.