Gemu Linaganda: Tatizo ni Simu, Mtandao au Wewe?

(Maongezi na wanafunzi wa sekondari, Mbwara, wilayani Rufiji)

Najua wengi mlidhani leo nakuja na yale yale ya kila siku, malaria na UKIMWI. Hayo yapo, wiki ijayo tutayarudia. Leo nataka tuongelee lile swali ambalo kipindi kikiisha mnanifuata nalo nje, tena kwa kunong'ona: "Dada, mbona gemu langu linaganda?" Shuleni simu ni marufuku, hilo tunalijua wote. Lakini likizo ipo, kaka mwenye simu yupo, na eFootball na Free Fire unazijua kuliko mimi. Basi tuseme ukweli.

Kuganda kuko kwa aina mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ukiona picha inakatikakatika na simu imekuwa ya moto kama pasi, hiyo ni simu. Ukiona picha ni safi lakini mchezaji wako anapiga shuti baada ya wewe kuwa umeshabonyeza zamani, au adui anapotea hapa na kuibukia kule kama jini, huo ni mtandao. Dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo maana mtu anashusha ubora wa picha mpaka haoni kitu, na bado anafungwa matano.

Tuanze na simu. Simu ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo vua kava, toka juani, na usicheze huku inachaji. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, weka ubora wa picha chini, na kama simu yenyewe ni kimeo chagua picha 30 kwa sekunde badala ya 60. Thelathini zilizotulia ni bora kuliko 60 zinazorukaruka. Funga programu nyingine zote. Halafu futa zile video za harusi ya binamu zilizojaa kwenye WhatsApp, simu iliyojaa haipumui.

Mtandao ndio wenye hadithi ndefu. Ukibonyeza, habari inatoka kwenye simu yako, inakwenda kwenye mnara, inafika Dar es Salaam, halafu inaingia baharini kwenye nyaya za vioo: SEACOM ilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Inakwenda mpaka kwenye kompyuta kubwa inayoendesha gemu, yaani seva, kisha inarudi. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio mnaouita pingi, na unahesabiwa kwa milisekunde. Sekunde 1 ina milisekunde 1,000.

Sasa piga hesabu, hii ni fizikia yenu. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar mpaka London ni kama kilometa 7,500, kwenda na kurudi 15,000. Hizo ni milisekunde 75 hata kama kila kitu ni safi, na waya wa baharini haunyooki hivyo. Johannesburg, kwenda na kurudi, ni kama kilometa 5,000 tu, yaani milisekunde 25. Kwa hiyo gemu likikuruhusu kuchagua seva, chagua ya karibu. Na yule anayekuuzia programu ya "kuua pingi kabisa" anakuuzia upepo. Mwanga haumsikilizi. Siku nyingine kosa si lako wala si la simu: tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani.

Kilicho mikononi mwako ni hiki. Zima masasisho ya kujipakua yenyewe, maana mechi hula bando kidogo, masasisho ndiyo yanayolimaliza. Tafuta kona ya nyumbani yenye mtandao mzuri, ukae hapo hapo. Lakini usitoke usiku kufuata mtandao kando ya mto. Viboko nao hutoka majini usiku kula majani, na hawajui kwamba una mechi.

Zima na maongezi ya sauti na watu usiowajua. Mtandao utapata nafuu kidogo, na wewe pia. Hasa wasichana mnielewe: mtu anayekusifu unavyocheza, kesho anaomba picha, keshokutwa anakutisha kwa picha hiyo hiyo. Ikifika huko, usimtumie kingine chochote. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na anayekuahidi almasi za bure ukimpa neno la siri au namba ya siri ya pesa za simu, anataka pesa za mama yako.

Haya, simu umeirekebisha na mtandao umeurekebisha, lakini bado unafungwa. Tumefika kwako.

Jicho la binadamu likiona kitu, kidole huchukua kama milisekunde 200 hadi 250 kujibu. Hiyo ndiyo pingi yako ya mwilini, na inapanda ukikosa usingizi. Watafiti wamepima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, wakakuta wanafanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe. Wewe unaamka saa 11 alfajiri. Ongeza saa 17: ni saa 4 usiku. Sasa niambie, bando la usiku unalinunua la saa ngapi? Unahangaika kupunguza milisekunde 20 kwenye simu, huku kichwani unajiongezea nyingi zaidi. Na kichwa hicho hicho ndicho unachokipeleka kwenye mtihani wa hesabu asubuhi. Mwili wa umri wako unahitaji kulala saa 8 mpaka 10. Cheza jioni, baada ya kazi za nyumbani. Kila dakika 20 inua macho, tazama mnazi wa mbali kwa sekunde 20, maana mbele ya skrini tunasahau kupepesa na macho yanakauka.

Kuna mmoja ameniuliza, "Dada, je, nikinywa kinywaji cha kuongeza nguvu si nitakuwa macho?" Utakuwa macho, ndiyo. Lakini kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu. Ukiinywa saa 4 usiku, saa 9 usiku nusu yake bado imo mwilini, na saa 11 mama anakuamsha.