Ubia Katika Biashara Ndogo na Deni la Kodi



Tumeombwa tuseme juu ya wale wanaounganisha mitaji yao midogo: wawili wanunuao mashine ya kusaga, watatu wafunguao duka la pembejeo, ndugu wa tumbo moja wenye gari la abiria. Wengi wao huanza kwa kuaminiana tu, pasipo maandishi. Kuaminiana ni jambo jema, na hatulibezi. Hata hivyo, wabia waliogombana huulizana kwanza, «Tulikubaliana nini?», na hapo hakuna awezaye kuonyesha chochote.

Hapa Tanzania mambo ya ubia yamo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Pale ambapo wabia hawakupatana vinginevyo, faida na hasara hugawanywa sawasawa, na mbia hana haki ya mshahara kwa kazi aifanyayo katika biashara yao. Basi yule aamkaye alfajiri kila siku kufungua mashine, huku mwenzake akija mwisho wa mwezi, asidhani kuwa sheria itampa zaidi kwa sababu ya jasho lake. Hilo laweza kuonekana si haki, nasi twaona hivyo. Dawa yake ni mapatano ya maandishi, wala si manung'uniko.

Sasa tuje kwenye kodi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ubia wenyewe hautozwi kodi ya mapato. Faida hugawanywa kwa hesabu, na kila mbia hutozwa kodi kwa fungu lake. Wengi hukosea hapa. Tuseme mashine imepata faida ya shilingi 12,000,000, na wabia wawili wameamua kuziacha fedha zote katika biashara ili wanunue mota mpya. Hakuna aliyetia hata senti mfukoni. Hata hivyo kila mmoja amehesabiwa mapato ya shilingi 6,000,000, naye atadaiwa kodi kwa hayo. Kwa hiyo kabla ya kununua mota, yafaa kwanza zitengwe fedha za kodi za wote wawili.

Kutotozwa huko hakuuondolei ubia wajibu wake. Unapaswa kupeleka ritani yake kwa Mamlaka ya Mapato, na mbia naye apeleke yake. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, ritani ya mwisho hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani hadi tarehe 30 Juni. Kodi inayokatwa katika mishahara ya wafanyakazi ni juu ya ubia kuikata na kuipeleka. Fedha hizo si mali ya wabia hata siku moja. Hesabu na stakabadhi zitunzwe kwa miaka mitano.

Je, kama mbia aliyekabidhiwa kazi ya kodi amezila fedha? Kwa deni la ubia, kila mbia huwajibika pamoja na wenzake, na mali yake binafsi yaweza kuguswa: ng'ombe wake, pikipiki yake, pengine kiwanja. Kusema «mimi sikushika fedha» hakumzuii mdai. Aliyelipa aweza kumdai mwenzake sehemu yake, lakini hayo ni mashauri ya wao kwa wao, ambayo huchukua muda na gharama.

Aliyeingia katika ubia baadaye hawajibiki kwa madeni yaliyomtangulia, kwa sababu tu ya kuingia kwake. Aliyetoka naye hafutiwi madeni ya wakati alipokuwa mbia. Tena awaarifu waliokuwa wakifanya biashara nao kwamba ametoka, la sivyo waweza kuendelea kumhesabu kuwa mbia.

Jambo la mwisho ni kifo. Kama hakuna mapatano mengine, mbia akifa ubia huvunjika. Mjane hawi mbia kwa kuwa mjane tu, na mali ya marehemu haidaiwi madeni yaliyofanywa baada ya kifo. Lakini madeni ya kabla yake huifuata mirathi. Viongozi wa jumuiya wanaokwenda kumfariji mjane wa namna hii wamsaidie kudai hesabu za biashara hadi siku ile ya msiba, zikiwa zimetiwa saini na mbia aliyebaki, kabla vitabu havijahamishwa.