Mikono Inayokufa Ganzi Usiku
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Meru na Embu)



Leo tuwaache mbuzi wa maziwa kidogo. Tuongee juu ya mikono yenyewe, ile inayochuma chai, kukamua ng'ombe na kufunga miraa. Nani hapa huamka usiku akikung'uta mkono kwa ganzi? Mnaona, tuko wengi! Basi si uzee tu, wala hujarogwa.

Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba kama mfereji. Hapo hupita kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu, na juu yake kuna utepe mgumu. Pakivimba, mshipa hubanwa. Kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi. Ikiwa ni kidole cha mwisho, huenda mshipa mwingine umebanwa kwenye kiwiko, pale mkono unapokunjika. Mimba na kisukari pia huleta shida hii.

Ukienda hospitali mapema, huenda ukafungiwa gango la kunyoosha mkono usiku, au ukadungwa sindano. Isiposaidia, daktari hukata ule utepe ili mshipa upumue. Kidonda ni cha sentimita chache kiganjani. Mara nyingi hutiwa ganzi mkono tu, na jioni unarudi nyumbani. Tangu miaka ya 1980 kuna njia ya kamera nyembamba, yenye kidonda kidogo zaidi. Nayo hukurudisha kazini mapema kidogo, lakini baadaye matokeo hufanana. Kwa hivyo usikae nyumbani ukingojea kamera.

Mimi niliogopa kisu miaka miwili, nikinunua dawa za kupaka sokoni. Nyama ya chini ya kidole gumba ikakonda, vikombe vikaniponyoka. Nilipopasuliwa, ganzi iliisha na sasa nalala. Lakini nguvu ya kidole haikurudi yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Aliyepasuliwa hafanyi kazi nzito kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo kikundi kinahitajika.

Ya kujadili kikundini:
1. Nani kati yetu ana ganzi na amenyamaza?
2. Nani atamsindikiza hospitali, na kuuliza SHA italipa kiasi gani?
3. Mwenzetu akipasuliwa, nani atamkamulia ng'ombe?