Elimu ya Akili na Elimu ya Tabia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wazazi katika sikukuu ya jubilei)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya kazi ya shule. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hiyo ni moja tu, yaani kumpa mtoto maarifa. Sisi twasema ni mbili, wala hazitengani: kuinoa akili na kuitengeneza tabia. Panga lililonolewa ni chombo chema mkononi mwa mkulima. Mkononi mwa mwivi ni hatari, na kadiri lilivyo kali ndivyo hatari yake izidivyo.

Na tutazame kwanza habari za waliotutangulia. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Steere walifika Unguja, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokuwa wameokolewa katika utumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa shule ile iliyojulikana baadaye kwa jina la Kiungani. Watoto hao walikuwa wamehesabiwa kuwa mali ya watu. Kuwafundisha kusoma tu hakukutosha. Ilipasa wajue ya kwamba neno lao lina thamani, na kazi ya mikono yao ina heshima.

Kwa hiyo palikuwa na kitabu, na palikuwa na kazi. Wengine walifundishwa kupiga chapa, na vitabu vya Kiswahili vikatoka katika mtambo ule kwa mikono ya vijana. Walimu, ifikirini kazi hiyo. Mpangaji huokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga kinyume. Naye akiweka moja mahali pasipo pake, karatasi humshuhudia. Hawezi kukana, wala hawezi kumsingizia mwenzake. Yampasa kuitoa na kutia nyingine. Hapo akili yajifunza maandiko, na tabia yajifunza kweli, kwa tendo lilo hilo moja.

Na matunda yake yalionekana. John Swedi, mmoja wa wale watano, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alisoma Kiungani, akapelekwa Chitangali, upande wa Ruvuma, mwaka 1886. Na mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni ile. Kule hapakuwa na mwalimu wa kumwangalia kila siku. Alikuwa na yale tu aliyoyachukua moyoni. Huo ndio mtihani wa shule: si siku ile mwanafunzi aketipo mbele ya msimamizi, bali miaka ile ambayo hakuna amwonaye.

Twayasema haya kwa sababu ya jambo moja litusumbualo. Zaidi ya mara moja Baraza la Mitihani limefuta matokeo ya watoto wa darasa la saba kwa ajili ya udanganyifu. Wala si kila mara watoto walioanza. Wako wakubwa waliowapa majibu, ili shule isifiwe, au mzazi asione haya. Mtoto huyo amefundishwa nini? Amefundishwa ya kuwa kosa ni la kufichwa, wala si la kusahihishwa. Na ya kuwa mwalimu wake haamini kwamba yeye aweza. Kesho atawekwa kutunza fedha za ushirika, naye atafanya kama alivyofundishwa. Hapo tutamlaumu nani?

Wengine watajibu, "Mtoto akianguka amepotea." Twaijua hofu hiyo, wala hatuicheki, maana daftari na nguo za shule zimenunuliwa kwa jasho. Lakini mtoto aliyeanguka kwa haki aweza kuinuliwa, kwa kuwa twajua mahali alipoanguka. Aliyepita kwa hila hatujui ataanguka wapi, wala ni wangapi watakaoanguka pamoja naye.

Basi twawaombeni. Ninyi walimu, mtoto akileta hesabu iliyokosa, nayo ameifanya mwenyewe, msimwaibishe mbele ya wenzake. Mwonyesheni palipopotoka, aifanye tena. Ninyi wazazi, mkimwuliza mtoto, "Umepata ngapi?" mwulizeni pia, "Umepataje?" Nanyi wazee wa mitaa, hesabu za sadaka na zisomwe wazi mbele ya watu wote, ili watoto waone ya kuwa wakubwa nao wakubali kukaguliwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Naye hutazama matendo yetu kabla hajasikia mafundisho yetu.

Mungu aibariki kazi ya walimu wetu, na watoto waliowekwa mikononi mwao.